Pepeta ya Getini

Watu wakiniuliza siri ya kiwanja chetu cha michezo hapa Ifakara, huwa nawadanganya.

Wanakuja kutoka Kidatu, wengine kutoka Mahenge, wanakuta bembea moja tu kubwa ya kuzunguka, rangi imebanduka, na kinyumba cha upepo cha kurukia chenye viraka kama suruali ya mchoma mkaa. Wanashangaa mbona pamejaa. Dar, wanasema, kuna vigari vya relini vinavyopanda juu utadhani vinakwenda kumsalimia Mungu, halafu vinaporomoka watu wakipiga mayowe, na bado ukikaa saa mbili unatamani kurudi nyumbani. Hapa kwenu watu wanashinda kutwa. Mnawapa nini hasa? Na mimi, meneja, nanyanyua kidevu, naanza kuhesabu kwa vidole: kivuli, mabenchi, maji ya kunywa, ruhusa ya kuja na chakula chako. Wananisifu. Kuna mmoja aliandika mpaka kwenye kidaftari. Nani kanifundisha hayo, sisemi. Leo nasema. Najua nitaona aibu upya, lakini afadhali niione nikiwa nimekaa chini.

Ilianzia shambani.

Mimi ni mtoto wa bonde. Nimekulia ng'ambo ya mto, enzi ambazo pale Kivukoni ulisubiri pantoni mpaka ukasahau ulichokuwa unakiendea mjini. Mpunga ukianza kutoa masuke, nyumba nzima tulihamia shambani kuamia ndege. Mama alijenga dungu, kichanja kirefu cha miti chenye paa la nyasi, na juu yake tulishinda tangu alfajiri tukigonga madebe na kurusha mabonge ya udongo kwa kombeo, maana wale ndege wakitua kundi zima mara moja tu, mmelala njaa mwaka mzima. Kazi ya kuchosha, na sisi tulikuwa watoto. Basi mama alifunga kamba ya katani kwenye nguzo za dungu, chini kivulini, akaweka kipande cha ubao wa mtumbwi uliooza, ikawa bembea. Mmoja anaamia, mmoja anabembea, kwa zamu.

Bembea yenyewe ilikuwa ya hovyo, sina haja ya kuipamba. Kamba ilitukata mapaja, na ubao ulikuwa na vibanzi. Lakini kila ulipopanda juu ulipiga kelele, "Mama, niangalie!" na mama, hata kama ameinama katikati ya mpunga, hata kama ana mtoto mgongoni na debe mkononi, alijibu, "Nakuona!" Hakuwahi kunyamaza. Nilidhani ana macho kisogoni.

Halafu pepeta. Mpunga ukiwa bado mbichimbichi, ndiyo kwanza unaelekea kukomaa, mama alikata wa kwanza kidogo, akaukaanga kwenye chungu, akautwanga ungali wa moto mpaka punje zikawa bapa, akapeta makapi. Harufu yake, jamani! Mate yananijaa hata sasa ninapoandika. Na kwetu pepeta ya kwanza ina adabu zake. Anaonjeshwa kwanza kifungua mimba, ndiye mimi, halafu anagawiwa yeyote aliye karibu, hata mpita njia usiyemjua kwao wapi. Na ikishatoka nyumbani hairudi nyumbani, lazima iishe huko ulikoipeleka. Mama hakuruka mwaka hata mmoja. Nilipokuwa bweni aliniletea bweni. Nilipojifungua aliniletea wodini, akawagawia wazazi wote wa mstari ule na nesi juu.

Basi bwana, nikakua, nikasoma kidogo, nikaolewa Kibaoni. Mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, mwenye maduka ya vyombo, akafungua kiwanja cha michezo ya watoto, akanipa umeneja. Bembea ya kuzunguka aliinunua Dar, mtumba, ikaja kwa lori vipandevipande. Siku inasimamishwa nusu ya Ifakara walikuja kutazama, na mimi nikasimama mbele yao na karatasi mkononi nikijifanya naisoma. Kichwa kikanivimba. Nilishonesha suti mbili. Nikaanza kuongea na wateja kwa sauti fulani ya puani, mpaka leo sijui niliitoa wapi.

Kabla hatujafungua, tajiri alinipeleka Dar nikajifunze kwa wenzetu. Nilikiona hicho kigari cha relini kwa macho yangu, nikapanda, nikalia. Kikubwa mno, hatukukiweza. Ila ukutani na getini palikuwa na vibao: marufuku hiki, marufuku kile. Vibao niliviweza. Niliporudi nilichora vyangu: chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi, watoto waingie peke yao, wanaowasindikiza wasubiri nje, usikae kwenye nyasi. Nyasi zenyewe za Ifakara, mvua ikinyesha zinaota hadi ndani ya viatu! Lakini nilitaka pawe pa kisasa, na nilidhani kisasa ni kukatazana.

Mama akawa na ombi moja tu. Kila nikienda kumsalimia ng'ambo, ananiambia, "Nataka nije siku moja kwenye hicho kiwanja chako. Sitaki kupanda kitu. Nikae tu, nimwangalie mjukuu wangu akibembea." Na mimi kila mara nina sababu. Mara mvua. Mara watu wengi. Mara bembea inatengenezwa. Akasema sawa. Mwezi ukipita anauliza tena, kwa upole uleule, kama anaomba chumvi kwa jirani.

Niseme ukweli wenyewe. Nilikuwa namwonea haya mama yangu. Nilizionea haya khanga zake mbili zisizofanana, nyayo zake zilizopasuka kwa matope ya majaruba, na zaidi ya yote sauti yake, maana aliyezoea kufukuza ndege hajui kuongea chini. Nikimwaza amekaa katikati ya wateja wangu anapiga soga na kila mtu, natafuta sababu nyingine. Mwacha asili ni mtumwa, wanasema. Mimi nilikuwa mtumwa mwenye suti mbili.

Ikaja Jumatatu ya Pasaka. Mwaka ule Pasaka ilichelewa, mpunga ulikuwa umeanza kupiga manjano. Kiwanja kimefurika. Tajiri alikuwa na wageni wake kutoka Dar, wanawake wawili wanaonukia marashi, akanikabidhi niwatembeze. Nikawatembeza. Binti yangu, ndiyo kwanza yuko darasa la kwanza, alikuwa kwenye bembea ya kuzunguka mzunguko wa tatu au wa nne. Nje ya ukuta, akina mama waliowaleta watoto wamejipanga juani, wengine wamejifunika vitenge kichwani, wanachungulia kupitia matundu ya tofali. Sikuwajali. Nilikuwa nawaeleza wageni jinsi tunavyosimamia usafi.

Mlinzi akaniita. Alikuwa mtu mzima, tumemwajiri wiki ile ile kutoka Mang'ula, hajui nani ni nani.

"Meneja, kuna mama hapa ana chakula. Nimemwambia hairuhusiwi. Anasema ana mtoto wake humu ndani."

Nilisikia harufu kabla sijafika getini. Mama amesimama pale, amevuka daraja kwa bodaboda, kifurushi cha kitambaa cheupe kifuani, matope yamekauka visiginoni, anacheka kwa mapengo yake yote. Wageni walikuwa nyuma yangu, marashi yao nayasikia begani.

"Shikamoo, mama," nikasema. Kwa ile sauti ya puani. Kama ninavyomsalimia mteja yeyote mtu mzima.

Kicheko chake kikasimama. Siku zote hunijibu, "Marahaba, kifungua mimba wangu," hata kama tumegombana. Siku ile alinitazama kwanza, akawatazama wageni, akaitazama suti yangu.

"Marahaba," akasema, akaishia hapo.

"Anasema ana mtoto wake humu," mlinzi akarudia, maskini, akidhani sikusikia.

"Kila mtu hapa ana mtoto wake humu," nikasema. "Sheria ni sheria."

Ndivyo nilivyosema. Hakuna aliyenishikia panga. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili tu, "mama yangu," na yalikuwa mepesi, mtoto wa mwaka mmoja anayaweza. Sikuyasema. Na mama, ambaye sauti yake inavuka ekari tatu, akaongea chini kwa mara ya kwanza maishani mwake, tena akamwambia mlinzi, siyo mimi. "Haina neno, baba. Nilikuwa napita tu."

Alikuwa anapita kwenda wapi? Mtu anavuka mto mzima na kifurushi cha pepeta, anapita tu!

"Una msimamo, dada," mgeni mmoja akaniambia. Nikamshukuru.

Nikadhani atakwenda zake. Nilisahau kwamba pepeta hairudi nyumbani. Mama alivuka barabara, upande ule kuna kibanda cha fundi baiskeli kinachotupa kivuli kirefu, akavua khanga yake moja akaitandika chini. Akawaita wale akina mama waliokuwa wanaungua juani ukutani kwangu. Akawaita na watoto wasiokuwa na cha kuingilia, wale wanaoshinda wanatazama bembea kwa mbali. Akafungua kifurushi. Fundi baiskeli akaleta ndoo ya maji na kikombe. Muda si muda upande ule pakachangamka kama harusini. Huyu anasimulia, yule anacheka hadi anajipigapiga mapaja, watoto wanafukuzana kuzunguka matairi, na kila mtoto anayefanya kituko anageuka kwanza kuona kama anaangaliwa. Ndani ya kiwanja changu mtoto akishuka kwenye bembea alisimama tu, hajui aende kwa nani. Niliona wawili wakitoka getini na tiketi zao mkononi, wamevuka barabara, wamekaa kwenye khanga.

Nikawa najifanya sioni. Ndipo kutoka juu, kileleni kabisa mwa bembea, ikasikika sauti ya binti yangu.

"Bibi! Bibi yangu yulee! Bibi, niangalie!"

Na ng'ambo ya barabara, sauti ya kufukuza ndege ikarudi yote: "Nakuona!"

Kiwanja kizima kiligeuka. Wageni wakatazama juu, wakatazama nje. "Ni binti yako yule?" mmoja akauliza. "Anamwita bibi yake?"

Mungu alinipa nafasi ya pili, tena bila kuomba. Nikatabasamu. "Watoto wa huku," nikasema, "kila mzee kwao ni bibi." Wakacheka, wakaamini. Mwenzenu nilicheka nao.

Wageni walipoondoka na tajiri nilitoka mbio. Mawingu yalikuwa yameshajikusanya, na mama alikuwa ameshapanda bodaboda kuwahi daraja kabla ya mvua. Chini palibaki punje chache, shomoro wanazidonoa. Fundi baiskeli akaniambia, "Yule mama, aisee! Aje kila wiki." Nikarudi getini nimeinamisha kichwa, na mlinzi akanipa kitu kilichofungwa kwenye jani la mgomba, bado kina joto la mikono.

"Yule mama kaniachia hii," akasema. "Eti ni ya kifungua mimba wake, nimtafute humu ndani nimpe kabla sijafunga. Sasa nitamtafutaje, meneja? Hakunitajia hata jina."

Hakunitaja. Amefukuzwa na mwanawe mchana kweupe, na bado ameninyamazia nisiumbuke mbele ya mlinzi wangu mwenyewe.

"Nipe," nikasema. "Nitampelekea."

Nilishindwa hata hapo. Nilikwenda stoo, nikajifungia na makreti ya soda, nikaila pepeta yote peke yangu, kitu ambacho kwetu hakifanywi, nikilia na kutafuna, kamasi na machozi pamoja. Ilikuwa tamu.

Jumamosi nikavuka kumfuata. Nilimkuta shambani, juu ya dungu. Nikamwamkia, akanijibu, "Marahaba, kifungua mimba wangu," kama hakuna kilichotokea, akashuka, akanipikia ugali na kitoga mbichi wa mtoni. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikayaanza: "Mama, ile siku ya Pasaka…"

"Kazi ni kazi, mwanangu," akanikatiza. "Kula, samaki asipoe."

Laiti angenitukana! Angenichapa kwa mwiko, mtu mzima mimi, ningepona siku ile ile. Nilikula, nikanawa, nikasaidia kufukuza ndege mpaka jioni, nikarudi mjini na maneno yangu mdomoni.

Niliporudi kazini nilivibandua vibao kwa mikono yangu. Tajiri alinung'unika, akasema watu wakija na vyakula vyao soda zetu atanunua nani. Nikamjibu kwa ukali ambao sikujua ninao, akaniambia haya, jaribu. Mabenchi nilichongesha kwa fundi, mengi, yote yakitazama bembea. Paa la kivuli ni la nyasi, nguzo zake ndefu, na chini yake nikafunga bembea ndogo za kamba. Ukitazama vizuri utaona ni dungu. Nikaweka mitungi ya maji. Akina mama wakaruhusiwa kuingia bure, wakaja na hotipoti na mikeka, wakaanza kusukana nywele na kuoneshana vitenge, na kila bembea inapopanda unasikia watoto, niangalie, niangalie, na huku chini wanajibiwa. Tukajaa. Ndiyo hiyo siri. Wanaponisifu kwa ubunifu nasikia joto linanipanda masikioni, maana nimeiba khanga iliyotandikwa barabarani na mtu niliyemfukuza mimi mwenyewe.

Mama sikuacha kumwita. Nilituma salamu, nilituma nauli, nikaenda mwenyewe mara tatu. "Nitakuja," anasema, "mpunga ukishaingia ghalani." Sasa sababu zikawa zake.

Alikuja mwezi wa nane. Nilikuwa napanga viti nikamwona getini, amevaa khanga mpya, doti moja inayofanana, na viatu vya kufunika vinavyombana, anachechemea. Mbele yake aliingia mwanamke na hotipoti kubwa kichwani, mlinzi hakumtazama mara mbili. Mama akasimama. Hakuvuka kizingiti. Akamnyooshea mlinzi mikono yake miwili, viganja juu, halafu akaigeuza, kama mtoto anayeonyesha kwamba amenawa.

"Kagua, baba," akasema kwa sauti ya chini. "Sina kitu."

Mlinzi siku hizo alikuwa ameshajua. Akabaki anakanyaga huku na huku. "Pita, bibi, pita tu. Mambo yale yaliisha zamani."

Binti yangu akamwona, akaja mbio, akamrukia kiunoni. Akaanza kumpapasa, chini ya khanga, kwapani, kwenye pindo anakofungia vitu siku zote. "Bibi, umeniletea nini?"

"Hapa hawataki vitu, mjukuu wangu," mama akasema. "Nimekuja na macho tu."

Nikamshika mkono nimwingize ndani. Ulikuwa mwepesi. Tangu nizaliwe sikuwahi kumshika mama mkono ambao haukubeba kitu cha kunipa. Niligeuka nikamtazama, nikafungua mdomo, watu wanatuangalia, na nilichoweza kumwambia ni kwamba benchi la kivulini liko kule.